Tambi Zimeshikana Kama Kiporo: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Saladi Baridi ya Kivietnamu

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi bún bò Nam Bộ, chakula cha mjini Hanoi ambacho kwa lugha yetu tunaweza kukiita saladi ya tambi za mchele na nyama ya ng'ombe. Chini ya bakuli hukaa sosi, majani mabichi na choroko zilizochipua, juu yake tambi zilizopoa, kisha nyama iliyokaangwa papo hapo, karanga na vitunguu vya kukaanga, na mlaji mwenyewe ndiye anayevichanganya kutoka chini kwenda juu. Jina lake lina maana ya tambi na nyama ya ng'ombe ya Kusini, ingawa watu wa Hanoi wako kaskazini. Huko Kusini kwenyewe hukiita bún bò xào. Barua zilizotufikia zimetuonyesha kwamba maelezo yetu yalikuwa mafupi mno, hasa kuhusu tambi, na kwa hiyo leo safu nzima tunaitoa kwa maswali yenu kuhusu saladi hiyo.

Swali: Assalamu alaikum, bibi. Ninaishi Muscat, ambako mwezi wa Juni hata kusimama mbele ya jiko ni mtihani, na ndiyo maana nilifurahi sana kuona chakula cha baridi. Nilichemsha tambi za mchele kama mlivyoelekeza, nikazimwaga maji, nikaziweka kwenye friji usiku kucha ili mchana zitoke baridi. Zilitoka donge moja gumu linalokatikakatika, na sosi niliyoitia haikuwa na ladha yoyote, imetuama tu chini ya bakuli. Wageni wangu walikula kwa heshima. Nimekosea wapi?

Jibu: Waalaikumu ssalaam, mwanangu. Umekosea mahali pawili, na lawama ni yetu sisi tulioandika "chemsha, mwaga maji, poza" kana kwamba maneno hayo yanatosha.

Tambi za mchele si kama za ngano. Za ngano zina gluteni inayozishikilia ndani kama nyuzi za kamba, ilhali za mchele ni wanga karibu mtupu. Zinapochemka, wanga wa juu hulegea na kuwa uji mwepesi uliozipaka kila upande. Ukimwaga maji na kuziacha zipoe zenyewe, uji ule hukaukia hapo hapo na kuziunganisha. Hilo ndilo donge. Kosa la pili ni friji. Wanga uliopikwa kisha ukapozwa hujipanga upya, hufukuza maji yake na kuwa mgumu, jambo ambalo kila aliyewahi kugusa wali wa jana analijua kwa vidole vyake, na ubaridi wa friji, ule wa nyuzijoto 4 hivi, ndio hasa unaoharakisha mgeuko huo. Kwa hiyo neno "baridi" katika saladi hii lisikudanganye. Tambi zake hazilazwi kwenye friji hata kidogo. Hupikwa siku ile ile, hupozwa kwa maji na kuliwa zikiwa na joto la kawaida la chumba, na ule ubaridi unaousikia mdomoni unatoka kwenye tango, nanaa na ndimu.

Niliishi miaka kadhaa mjini Paris, katika mtaa wa 13, ambako maduka ya Wavietnamu na Wachina yamepangana mlango kwa mlango, na jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima aliyezaliwa Hanoi, ndiye aliyenifundisha kazi hii. Hakuwa akiamini dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Aliutoa uzi mmoja kwenye sufuria, akaubana kwa kucha za vidole viwili na kuutazama pale ulipokatika: ikiwa katikati pana nukta nyeupe, bado, nukta ikitoweka, alimwaga papo hapo, kwa maana baada ya nukta kutoweka una nusu dakika tu kabla tambi hazijalegea. Kisha alizifungulia maji ya bomba na kuzisugua kwa viganja kama mtu anayeosha mchele wa pilau, mara tatu, mara nne, mpaka maji yakatoka maangavu. Sikuwahi kumwona akiliruka hilo, hata siku aliyokuwa na haraka. Mwisho alichota tambi kidogo kidogo, akazizungusha kwenye vidole vitatu na kuzipanga vifungu vifungu juu ya kitambaa cha pamba, kila kifungu sawa na ngumi ya mtoto, akaviacha dakika 20. Nilidhani ni urembo. Kumbe vifungu vile vinapitisha hewa, maji yanashuka kwenye kitambaa, na tambi zinafika mezani zikiwa kavu kwa nje na laini kwa ndani, tayari kunywa sosi.

Hapo ndipo penye jibu la ladha yako iliyopotea. Tambi ambazo hazikuchuja vizuri huingia bakulini na maji mengi kuliko unavyodhani, na maji hayo yote huenda kuizimua sosi. Isitoshe, chakula kilichopoa hakitoi harufu kama cha moto, nao ulimi unausikia utamu kwa uhafifu zaidi, kwa hiyo sosi ya chakula baridi hutengenezwa kali kidogo kuliko ungependa kuionja peke yake.

Sasa vipimo vya watu 4. Chukua gramu 250 za tambi kavu za mchele zenye unene wa spageti nyembamba. Kwenye pakiti za Kivietnamu utaona neno bún. Chemsha lita 3 za maji, tia tambi, koroga mara moja ili zisilale chini, na anza kuzijaribu kwa kucha kuanzia dakika ya 3. Kwako Muscat nina neno la ziada: maji ya bomba wakati wa kiangazi hutoka ya moto kwa sababu ya matangi yaliyoko juu ya paa, na maji hayo hayatakupozea kitu. Zioshe kwanza kwa maji hayo ili kuondoa wanga, kisha zitumbukize kwenye beseni la maji yenye barafu kwa dakika moja, halafu uzichuje. Usizitie mafuta ili zisishikane, kama wengi wanavyoshauri, kwa sababu uzi uliopakwa mafuta haushiki sosi.

Sosi ni nước chấm, na msingi wake ni rahisi kukumbuka: vijiko 4 vya chakula vya sukari, vijiko 4 vya maji ya ndimu, vijiko 4 vya sosi ya samaki na vijiko 12 vya maji. Yeyusha sukari kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, tia ndimu, kisha onja. Ikiwa hapo unaonja sharubati nzuri ya ndimu, uko njiani. Ndipo utie sosi ya samaki, na mwisho punje 2 za thomu na pilipili mbichi moja, vyote vimekatwa vidogo kabisa kwa kisu. Wavietnamu wengi huiweka maji zaidi wanapoitumia ya kuchovya. Kwa saladi usizidishe.

Nyama ni jambo jepesi. Gramu 400 za steki ziweke kwenye sehemu ya kugandishia kwa nusu saa ili ziwe ngumu kidogo, ukate vipande vyembamba kinyume cha nyuzi, uvichanganye na thomu, kijiko kimoja cha sosi ya samaki, kijiko cha chai cha sukari, mafuta kidogo na shina moja la mchaichai. Ninasema shina, kwa sababu sisi tumezoea kukata majani ya mchaichai kwa ajili ya chai na kuliacha shina shambani, kumbe harufu nene iko kwenye ile sehemu nyeupe ya chini, ambayo hukatwa laini mithili ya thomu. Kaanga kwenye karai lililopata moto sawasawa, nusu kwanza kisha nusu, dakika mbili hazizidi. Ukijaza nyama yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

Na lile donge la friji usilitupe siku nyingine. Lichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 20 au 30, wanga utalegea tena, kisha lioshe na kulichuja upya. Haliwi kama la mwanzo, lakini linalika vizuri.

Swali: Shikamoo mama. Hapa Tanga sosi ya samaki sijaiona dukani. Shangazi yangu aliniletea chupa moja kutoka Dubai, nikaifungua, na harufu yake ikanifanya niifunge tena. Ni kitu gani hasa? Mimi ni Mwislamu, ningependa kujua kilichovundikwa namna hiyo kinatengenezwaje. Na je, dagaa wetu hawawezi kuifanya kazi yake?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Sosi ya samaki iliyo safi ni vitu viwili tu, samaki wadogo wa jamii ya dagaa wa baharini na chumvi. Katika kisiwa cha Phú Quốc, ambacho kwa Wavietnamu ni kama Pemba ilivyo kwetu kwa karafuu, samaki hupangwa na chumvi ndani ya mapipa makubwa ya mbao, takriban sehemu tatu za samaki kwa moja ya chumvi, na huachwa mwaka mmoja au zaidi. Chumvi nyingi kiasi hicho huzuia kuoza, huku vimeng'enya vilivyomo ndani ya samaki vikiyeyusha mnofu taratibu mpaka ukawa kioevu chekundu kama chai isiyo na maziwa. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulilisajili jina la Phú Quốc ili lisitumiwe barani humo na sosi iliyotengenezwa kwingine. Katika kuitengeneza haitiwi pombe. Soma kibandiko: ukiona samaki, chumvi na pengine sukari kidogo, basi ndiyo hiyo, chupa zenye orodha ndefu za rangi na viungo vya kuongezea ladha ziache dukani. Hukumu ya kilichovundikwa kwa chumvi utamuuliza mwanachuoni unayemwamini, kwani mimi kazi yangu ni ya jikoni.

Kuhusu harufu, usiihukumu kwenye chupa. Jaribu jambo hili: changanya sharubati ya ndimu niliyoieleza juu, inuse, kisha tia sosi kijiko kimoja kimoja ukinusa kila mara. Utaona harufu inavyogeuka, ule uvundo unazama na kinachobaki ni ladha ya bahari, karibu na ile ya mchuzi wa kamba. Msomaji mwenzako wa Muscat anaweza kuipata kwenye maduka ya Wafilipino kwa jina la patis.

Na dagaa? Kwanza nakuomba usijaribu kuvundika samaki nyumbani kwa kukisia chumvi. Katika joto letu, chumvi ikipungua, samaki huharibika kwa namna ambayo kuchemsha hakuwezi kuirekebisha, na sumu inayotokea humwasha mtu mwili mzima na kumuumiza kichwa. Lakini dagaa wakavu wanafaa kwa njia nyingine, tena ya kuheshimika, kwa sababu Wajapani nao huchemsha dagaa wao wakavu, wanaowaita niboshi, ili kupata supu ya msingi ya vyakula vingi. Wao hutoa kichwa na tumbo kabla ya kuchemsha, maana huko ndiko kunakokaa uchungu. Chukua gramu 30 za dagaa waliokaushwa vizuri, wasafishe hivyo, warushe kwenye kikaango kikavu mpaka wanukie, wachemshe kwa moto mdogo katika mililita 250 za maji kwa dakika 10, uchuje, utie kijiko cha chai na nusu cha chumvi na uache ipoe. Supu hiyo itachukua nafasi ya sosi ya samaki pamoja na ya maji katika kipimo chetu. Ladha yake ni ya upole zaidi, kwa hiyo ongeza thomu. Nimeipika mara nyingi nilipokosa chupa, na sasa kuna siku ninaichagua hata chupa ikiwepo.

Asiyekula samaki kabisa atumie mchuzi wa soya ule mwepesi, vijiko 3 badala ya 4, pamoja na chumvi kidogo. Huko Vietnam kwenyewe Wabuddha wengi huacha nyama na samaki katika siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi mwandamo, na sosi yao siku hizo ni ya soya.

Swali: Bibi, mmetaja majani ya Kivietnamu ambayo hapa Unguja hayapatikani. Sisi tuna nanaa, kotimiri na rehani. Je, saladi itakuwa bado ni ile ile? Na choroko zilizochipua nitazipata wapi?

Jibu: Itakuwa ile ile, na pengine mtatushinda. Nimefurahi umetaja rehani, kwa sababu wengi wetu tunaijua kwenye kikuba tu, pamoja na asumini, na hatuifikirii kwenye sahani. Rehani ya Waasia wa Kusini-Mashariki, ile yenye shina la zambarau na harufu kama ya shamari, ni ndugu wa mmea mmoja na yetu. Chuma vilele vichanga, onja jani moja kwanza, kwa kuwa mirehani ya mashambani hutofautiana na mingine ina ukali wa karafuu, kisha uyachane majani kwa mkono wakati wa kupakua. Kisu hulifanya jani laini liwe jeusi pembezoni.

Kinachonisikitisha ninapoona saladi hii kwenye mikahawa ni majani mawili matatu yaliyowekwa juu kama pambo. Majani ni chakula hapa. Kwa watu 4 tumia konzi mbili kubwa za nanaa, kotimiri na rehani kwa pamoja, mbali na saladi ya majani na tango. Ukiwa na embe bichi au papai bichi, likwangue nyuzi nyembamba na ulitie. Halimo katika bún bò ya Hanoi, lakini halijawahi kuiharibu.

Choroko chipua mwenyewe. Loweka robo kikombe usiku mmoja, mwaga maji, zifunike kwenye chujio kwa kitambaa chenye unyevu mahali penye giza, uzisuuze mara tatu kwa siku. Siku ya 3 au ya 4 zitakuwa na mikia mirefu ya kutosha. Joto na unyevu unaozichipusha huzalisha vilevile bakteria, kwa hiyo zipitishe kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika kabla ya kuzitia, na kwa mjamzito, mtoto mdogo au mgonjwa zipike kabisa au uziache. Karoti iliyokatwa nyuzi na kulowekwa nusu saa kwenye siki, sukari na chumvi inatoa ule mkwaruzo unaoutafuta.

Swali: Mwanangu hawezi kula karanga wala njugu za aina yoyote. Nitie nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Mbegu za maboga, ukizikaanga kavu mpaka zianze kurukaruka, na vitunguu vya kukaanga vizidi kidogo. Vitunguu ni vile vile vya biriani, vimekatwa vyembamba sana. Vitoe kwenye mafuta vikiwa na rangi ya dhahabu, maana vitaendelea kukolea nje ya karai. Ufuta nao huwadhuru baadhi ya watoto wenye mzio, kwa hiyo usiuchukulie kuwa badala salama kabla hujamuuliza daktari wake.

Swali: Hamjambo wahariri. Mimi ni kijana wa Nakuru ninayeishi peke yangu. Tambi za mchele hapa ni ghali, spageti ndizo rahisi. Nilizitumia kwenye saladi yenu, zikawa spageti baridi zenye ndimu. Kuna njia?

Jibu: Hatujambo, kijana wetu. Njia ipo, lakini ubadilishe saladi pamoja na tambi, kwa sababu nước chấm ni sosi nyepesi iliyozaliwa pamoja na mchele, na ngano inataka kitu kizito zaidi. Nakushauri uende Japani, kwenye hiyashi chūka. Inasimuliwa kwamba ilianzia mwaka 1937 katika mji wa Sendai, wakati ambapo migahawa ya Kichina ilikuwa ikipoteza wateja kila kiangazi kwa sababu hakuna aliyetaka bakuli la supu ya moto katika joto lile na hakukuwa na viyoyozi. Wapishi wakatafuta tambi za kula baridi. Hadi leo migahawa ya Japani hubandika tangazo mlangoni mwanzoni mwa majira ya joto kuwaarifu watu kwamba tambi hizo zimeanza kupikwa.

Tambi zake ni za ngano zilizokandwa kwa maji ya magadi, na magadi ndiyo yanayozipa rangi ya manjano, uteleziteleze na ule mruko unapozitafuna. Ninajua kwamba kutoka Nakuru hadi Ziwa Magadi si mbali kama Sendai, lakini magadi ghafi ya ziwani usiyatumie, kwani yanaweza kuwa na floraidi nyingi inayodhuru meno na mifupa. Tumia soda ya kuokea ya dukani. Chemsha lita 2 za maji katika sufuria kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, tia vijiko 2 vya chakula vya soda kidogo kidogo maana maji yatafura povu na kupanda, kisha pika gramu 200 za spageti nyembamba kabisa utakazozipata. Joto huigeuza sehemu ya soda kuwa na nguvu kama ya magadi, na ndani ya dakika chache utaziona spageti zikigeuka manjano na kutoa harufu ya tambi za Kichina. Zipike dakika moja zaidi ya ilivyoandikwa, kwa kuwa maji baridi yatazikaza, kisha uzioshe kwa nguvu zaidi ya za mchele. Ukionja uchungu kama wa sabuni, hujaosha vya kutosha.

Sosi yake ni vijiko 4 vya mchuzi wa soya, vijiko 3 vya siki, vijiko 2 vya sukari, vijiko 4 vya maji na kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta uliokaangwa. Hayo mafuta yakikosekana, nunua simsim sokoni, kaanga kavu vijiko 2 mpaka vipasuke na kunukia, utwange kwenye kinu vikiwa bado vya moto mpaka vilainike na kuanza kutoa mafuta. Juu ya tambi panga, bila kuchanganya, mistari ya tango, nyanya, kuku aliyechemshwa na kuchambuliwa, na yai moja lililokaangwa jembamba kama chapati ya maji na kukatwa nyuzi. Kwa mtu mmoja gawa kila kitu kwa mbili.

Swali: Salamu kutoka Minneapolis. Huku mwezi Julai tunakula nje, kwenye bustani, na kazini ninabeba chakula changu. Saladi hii inabebeka? Dada yangu anasema tambi zilizopikwa haziharibiki kwa kuwa hazina nyama.

Jibu: Dada yako umweleze kwa upole kwamba si hivyo. Wali na tambi zilizopikwa zina bakteria wao, ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa na huamka chakula kinapokaa katika joto la kawaida. Sumu wanayoitoa haiondoki hata ukipasha tena. Chakula cha namna hii kisikae nje zaidi ya saa 2, na siku ambayo joto limepita nyuzijoto 32, saa 1. Hapo unaona ugumu: tambi za mchele hazipendi friji, na usalama unaitaka friji.

Kwa hiyo kwa kubeba, acha za mchele na uchague mojawapo ya mbili. Za ngano kwa sosi ya soya na simsim niliyomweleza msomaji wa Nakuru zinavumilia ubaridi vizuri. Au tumia tambi za kioo, zile nyembamba zinazong'aa, ambazo hutengenezwa kwa wanga wa choroko. Hizo wanga wake umeshakazwa tangu kiwandani, na ndiyo sababu hubaki zikinesa hata baada ya usiku mmoja kwenye friji. Wathai huzitumia katika saladi ya yam wun sen pamoja na kamba, ndimu na pilipili, na nước chấm yetu inaziingia bila kubadilishwa chochote. Ziloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika 15, zipitishe kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1 au 2 mpaka ziwe angavu kabisa, zioshe, zichuje, kisha uzikate mara mbili tatu kwa mkasi, kwani zikiwa ndefu hakuna kijiko kinachozishika.

Pakia asubuhi kwa mpangilio huu: tambi na nyama iliyopoa kabisa chini, tango na karoti katikati, majani juu yakiwa yamekaushwa kwa kitambaa. Sosi iwe kwenye kichupa chake kilichofungwa, karanga na vitunguu vya kukaanga kwenye karatasi, na bakuli zima likae kwenye begi lenye vibonge vya barafu. Majani yakigusana na ndimu saa nne kabla ya kuliwa huiva na kuwa meusi, kwa hiyo kichupa kile usikifungue mpaka umeketi.